Miguu imechoka, treina inadai wati zilezile: ufanye nini?

Ukikaa na watu wa mazoezi Dodoma utasikia kauli mbili kuhusu miguu iliyochoka, na kila moja inatolewa kwa uhakika uleule. Ya kwanza: panda baiskeli ya ndani, nyonga mpaka jasho likutoke, "asidi" itaisha miguuni. Ya pili: usiguse kabisa, lala mpaka maumivu yapone. Zote mbili zina ukweli kidogo na zote zinaweza kukuumiza, kwa sababu zinachukulia kwamba uchovu wa miguu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Upo uchovu unaotibika kwa sahani ya ugali, upo unaohitaji siku tatu, na upo ambao ni dalili ya ugonjwa. Treina yako haiwezi kuutofautisha. Yenyewe inafuata namba uliyoiandika kwenye programu, basi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Treina ni kifaa kinachoshika baiskeli yako ya kawaida ili uinyonge ukiwa umekaa palepale. Zipo za kuegesha, ambapo gurudumu la nyuma linabaki na tairi linagusa rola. Zipo za kufunga moja kwa moja: unatoa gurudumu la nyuma, unapachika fremu kwenye treina, na cheni inakaa kwenye kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, ya treina yenyewe. Treina janja ina sumaku au mota inayoweza kuongeza na kupunguza uzito wa pedali, na inazungumza na simu au kompyuta yako kwa Bluetooth. Programu kama Zwift, MyWhoosh au Rouvy inasoma nguvu unayotoa na kumsogeza mwendeshaji wako kwenye skrini, pamoja na watu wengine walioko nchi mbalimbali wakati huohuo.

Wapo wanaouita huu mchezo wa watoto. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hii Desemba 2020 kupitia Zwift, na kwa wanawake alishinda Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 mashindano hayo yalifanyika kwenye MyWhoosh, ambayo haina malipo. Wengine wanaogopa bando. Kinachokula bando ni kupakua programu yenyewe, ambayo ni GB kadhaa, kwa hiyo ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwenye Zwift na MyWhoosh, ramani zikishakaa kwenye kifaa chako, unaponyonga zinatumwa namba tu, si video; Rouvy ni tofauti, yenyewe inatumia video za barabara halisi.

Sasa wati. Hiki ni kipimo cha kazi unayoifanya kila sekunde, na ni zao la vitu viwili: unavyokandamiza pedali na unavyoizungusha kwa haraka. FTP ni kiasi cha wati unachoweza kukishikilia kwa takriban saa moja ukijitahidi kweli. Wengi hawapimi saa nzima. Wananyonga dakika 20 kwa nguvu zote wanazoweza kuzimudu, wanachukua wastani, wanazidisha kwa 0.95. Kwa kipimo cha kupanda ngazi, ambapo wati zinaongezeka kila dakika mpaka ushindwe, huchukuliwa asilimia 75 ya dakika yako bora.

Kutoka kwenye FTP zinapatikana zoni. Tuseme FTP yako ni wati 200. Chini ya wati 110 ni kujinyoosha tu. Wati 112 hadi 150 ni ustahimilivu, mwendo unaoweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Wati 152 hadi 180 unaanza kuhema. Wati 182 hadi 210 ni kikomo chenyewe, na juu ya hapo ni vipindi vifupi vya kujikaza.

Shika jambo moja hapa: FTP ile uliipima ukiwa umepumzika, siku fulani, mahali fulani. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyepima Dar es Salaam akahamishiwa kazi Dodoma asishangae namba ikishuka asilimia chache, hasa siku za mwanzo. Hewa ni nyepesi zaidi, miguu haina kosa.

Uchovu wa aina tatu

Wa kwanza ni wa akiba kuisha. Misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, na mtu mzima wa kawaida anabeba gramu 400 hadi 500 hivi misulini, na nyingine kidogo kwenye ini. Mbio ndefu ya Jumapili, au siku mbili za kula juujuu kwa sababu ya vikao, zinatosha kuipunguza sana. Dalili yake ni miguu mitupu: huna maumivu ukiibonyeza, lakini ngazi za ofisini zinaonekana ndefu, na hasira iko karibu. Kujaza upya kunachukua saa 24 au zaidi, na kunahitaji wanga wa kutosha. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, viazi, wali, ndizi, vyote vinafanya kazi hiyo vizuri kuliko unga wa kopo. Mwenye uchovu huu anaweza kupanda treina saa mbili baada ya kula, kwa zoni ya ustahimilivu. Akipanda na njaa, hakuna atakachojenga.

Wa pili ni wa misuli iliyoumia kwa ndani. Unakuja baada ya kazi ambayo msuli unarefuka huku umebeba uzito: kushuka vilima vya mawe vinavyozunguka mji, skwati, kucheza mpira baada ya miezi ya kukaa. Maumivu yake huchelewa. Yanafika kilele kati ya saa 24 na 72, na ukibonyeza paja au kigimbi unayasikia. Kunyonga baiskeli hakurefushi misuli chini ya mzigo namna hiyo, ndiyo maana mtu anayeshindwa kushuka ngazi anaweza kunyonga bila shida kubwa. Mwendo mwepesi hulegeza ukakamavu kwa saa kadhaa. Hauharakishi uponaji kwa kiasi cha kujivunia, lakini nafuu ile ni ya kweli na haina ubaya. Tatizo ni kwamba nguvu ya msuli hubaki chini hata maumivu yakipungua. Siku ya nne unajiona mzima, unaingia kwenye vipindi vikali, na wati hazipatikani.

Wa tatu ni wa mwili mzima. Usingizi wa saa tano, bajeti za mwisho wa mwaka wa fedha, wiki tatu za mazoezi bila siku ya kupumzika, au homa inayokuja. Huu ndio unaofichwa na imani moja potofu sana: kwamba mapigo ya moyo yakiwa chini, umeimarika. Inategemea. Kama wati 150 kwa kawaida zinakupa mapigo 135 na leo zinakupa 125 huku unajisikia mwepesi, hiyo ni dalili njema. Kama ni 125 na mapaja yanawaka, pumzi nzito, moyo unakataa kupanda, hiyo ni dalili ya kuchoka. Upande wa pili, pima mapigo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 5 hadi 10 siku mbili mfululizo, mwili unapambana na kitu. Ukiwa na homa, kichwa kinauma na viungo vinavunjika, acha kabisa habari ya treina, nenda kapime malaria. Kunyonga ukiwa na homa kunauweka moyo hatarini.

Na ile asidi? Hadithi hiyo ina umri wa karne. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti waliona asidi ya laktiki ikiongezeka kwenye msuli unaofanya kazi, na Otto Meyerhof na A. V. Hill walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa tafiti zao juu ya msuli. Watu wakahitimisha kwamba hiyo ndiyo sumu ya uchovu. Kuanzia miaka ya 1980, kazi ya George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilionyesha sura nyingine: lakteti, yaani umbo ambalo asidi hiyo inakuwa nalo mwilini, ni chakula. Msuli mmoja unaitoa, moyo na misuli mingine inaichoma kama nishati. Baada ya zoezi kali inarudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, hata ukikaa tu. Kwa hiyo maumivu ya leo kwa zoezi la juzi hayatokani nayo, na hakuna jasho litakaloitoa kwa sababu haipo.

Chumba kinavyoongeza uchovu

Mtu anashangaa: barabara ya kwenda Kondoa nanyonga wati 150 bila taabu, sebuleni wati hizohizo zinaniua. Si uzembe. Mwili hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa mwendo wa pedali, au pungufu ya robo. Ukitoa wati 150 miguuni, wati 500 hivi zinatoka kama joto. Barabarani unapasua upepo wa kilomita 25 kwa saa, joto linaondoka. Chumbani hewa imesimama, damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, misuli inabaki na mgao mdogo, na mapigo yanapanda taratibu hata kama wati hazijabadilika. Isitoshe barabarani kuna mteremko, kona na tuta, miguu inapumzika sekunde kumi hapa na kumi pale. Kwenye treina, hasa ukiwa umepangiwa kipindi, pedali haikupi nafasi hiyo.

Dodoma ina mtego wake. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anadhani hajatoka jasho. Jipime kwenye mizani kabla na baada, ukiwa umejikausha. Kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua za Desemba, chumba chenye bati lisilo na dari kinatoa joto mpaka usiku. Nyonga alfajiri, au subiri hewa ya nje ipoe kuliko ya ndani ndipo ufungue dirisha.

Feni si anasa. Iweke mbele yako, mita moja hadi moja na nusu, juu ya stuli ili ipige kifua na uso, na iwashe tangu dakika ya tano, si ukishaloa. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua feni kubwa kabla ya kulipia programu.

Kinywaji: kipindi kisichofika saa moja, maji yanatosha, nusu lita hadi robo tatu. Kikizidi saa, weka vijiko vitatu vya mezani vya sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili kwenye chupa ya mililita 750. Hiyo ni kama gramu 36 za wanga, na tumbo linaipokea bila kelele.

Kwa nini hali ya ERG inakamata miguu iliyochoka

Treina janja ina namna mbili za kufanya kazi. Katika hali ya mlima, uzito wa pedali unafuata ramani: mlima ukija unakuwa mzito, mteremko ukija unalegea, na gia zinakusaidia kama barabarani. Katika hali ya ERG, programu inaamuru wati, tuseme 180, na treina inahakikisha unazitoa hata ukizungusha pedali haraka au polepole. Kubadilisha gia hakupunguzi kitu. Watu wengi wanahangaika na gia hapa bure.

Fikiria umepewa tofali 300 uzihamishe kwa saa moja. Ukienda safari 30, kila safari unabeba 10. Ukichoka ukapunguza hadi safari 20, idadi ya tofali haijapungua, kwa hiyo sasa kila safari ni tofali 15. ERG inafanya hivyohivyo. Wati 180 kwa mizunguko 90 kwa dakika, ukishuka hadi 60, nguvu ya kukandamiza kila pedali inaongezeka kwa nusu nzima. Na umeshuka kwa sababu ulikuwa umechoka.

Inavyotokea ni hivi. Kipindi kinadai wati 180 kwa dakika 8. Dakika tatu za kwanza uko kwenye mizunguko 88, pumzi sawa. Dakika ya nne juu ya goti panaanza kuwaka, mizunguko inashuka hadi 80 bila wewe kuona kwa sababu macho yako kwenye mlima wa skrini. Treina inakaza. Mguu unaitikia kwa kupunguza tena, 70. Inakaza tena. Kwenye 55 unainuka kwenye tandiko, baiskeli inayumba, goti linapokea mzigo ambao paja limeukataa, na sekunde chache baadaye pedali haizunguki. Aliyeona hivyo anasema "treina imeharibika". Haijaharibika.

Kujinasua: acha kunyonga sekunde tano hadi kumi, treina nyingi zitaachia. Anza upya kwa kuzungusha haraka, 95 au 100, kabla uzito haujarudi. Ikirudia, tumia kitufe cha kupunguza ukali wa kipindi kwa asilimia 5 hadi 10, au zima ERG kabisa. Siku ya miguu iliyochoka ushauri wangu ni kuanza ikiwa imezimwa. Unahitaji kusikia miguu inasema nini, na ERG inaiziba mdomo.

Jaribio la dakika 17

Kujua uchovu ulionao ni wa aina gani kwa kukaa kwenye kochi ni kubahatisha. Miguu mingine inakakamaa tu kwa kukaa kutwa ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ikipata joto inaamka. Kwa mwenye FTP ya wati 200, fanya hivi, na wewe piga hesabu kwa asilimia zako.

Dakika 10 za kupasha, wati 80 hadi 100, mizunguko 85 hadi 90, gia nyepesi. Kisha dakika 2 kwa wati 120, dakika 1 ya kulegea, dakika 2 kwa wati 140, dakika 1 ya kulegea, na dakika 1 kwa wati 160. Kila hatua jipe alama ya ugumu kati ya 0 na 10, mtindo ulioanzishwa na Gunnar Borg wa Sweden: 0 ni kukaa tu, 10 ni mwisho wa uwezo wako. Wati 140, yaani asilimia 70, kwa kawaida zinapaswa kuwa 3 au 4.

Zikiwa 5 au zaidi, uamuzi umeshapatikana. Rudi chini ya wati 110, nyonga dakika 15 hadi 20, shuka. Kama 140 ni sawa ila 160 imekuwa nzito isivyo kawaida, kaa kati ya 120 na 140 kwa nusu saa. Hilo ni zoezi kamili la ustahimilivu. Kama ugumu wote ni wa kawaida na ukakamavu umeondoka, endelea na kipindi ulichopanga, kwa ukali uliopunguzwa asilimia 5, na kata kipande cha mwisho.

Epuka kujiunga na kundi siku hiyo. Makundi yana kasi yake kwa wati kwa kila kilo ya mwili, na mtu akiona wenzake wanamwacha anasahau alichokuja kufanya. Ukitaka wenza, chagua kundi lenye kasi ya chini kuliko yako ya kawaida, kaa nyuma ya wengine, kwani kwenye skrini pia kufuata mgongo wa mtu kunapunguza wati.

Ukiwa kwenye hali ya mlima, kuna mpangilio unaopunguza makali ya mlima miguuni. Zwift huuweka katikati ya kipimo, asilimia 50, ambapo mlima wa asilimia 10 unausikia kama wa 5. Wengi wanadhani kuupunguza ni kuiba. Mwendo wa mwendeshaji wako bado unategemea wati na uzito wako. Hupandi haraka zaidi hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba gia zako zinatosha, unazungusha badala ya kukandamiza. Kwa miguu iliyochoka, ushushe hadi 25 bila aibu.

Kabla ya kulaumu miguu

Kagua kifaa. Kwa treina ya kuegesha, tairi likipungua upepo au rola ikikazwa zaidi ya jana, unafanya kazi ambayo skrini haikuhesabii. Jaza upepo uleule kila mara, kaza rola kwa idadi ileile ya mizunguko ya kitasa, na sawazisha kipimo kwenye programu baada ya dakika 10 za kunyonga, treina ikiwa imepata joto. Vumbi la kiangazi nalo linaganda kwenye mafuta ya cheni na kula wati kadhaa. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo, na ufute yaliyozidi.

Yapo mambo ambayo hayana jaribio wala majadiliano. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kuruka mapigo: shuka papo hapo, tafuta daktari. Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma kuliko kingine: hospitali, usikichue. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya zoezi kali, pamoja na misuli iliyovimba: hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu msuli unavunjika na mabaki yake yanaziba figo.

Kipindi ulichokikata usikilipe kesho kwa kufanya viwili. Endelea na ratiba palipofikia. Wala usipime FTP upya wiki hiyo ukaishia kuishusha bila sababu. Subiri siku mbili nyepesi zenye chakula na usingizi, kisha pima saa ileile uliyopima mwanzo, feni ikiwa palepale, tairi likiwa na upepo uleule.